Kobelo Aliyeachwa Mkuyuni

Felista binti Severini alikuwa mtoto wa nne kuzaliwa na wa kwanza kuishi. Wazazi wake walilima njegere, kabichi na migomba kwenye mteremko uliosimama kama ukuta, juu ya Mkuyuni, katika kijiji cha misheni ambako nyumba ya jirani unaiona waziwazi, lakini kuifikia lazima ushuke hadi kijitoni kisha uanze kupanda upya. Watoto wa kucheza nao walikuwa mbali. Basi alipofika umri wa kuchunga kuku, Felista akajipatia mwenzake.

Aliitwa Kobelo. Hakuna aliyemwona ila Felista mwenyewe. Alikuwa mvulana wa rika lake, mwembamba, asiyependa maboga, na duniani hakuogopa kitu isipokuwa kuku. Kila kuku walipopita, Felista aliinama kidogo na kusema, "Kobelo, panda mgongoni, kuku hao," kisha akatembea kwa kuinama mpaka hatari ipite. Mama yake, Anastasia, hakuona ubaya. Alikuwa amezika watatu. Kwake mtoto anayetembea ameinama alikuwa mtoto anayetembea. Siku nyingine alimega tonge la ugali akaliweka pembeni mwa sahani bila kuombwa.

Severini, baba mtu, hakusema neno, kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno. Aliyesema ni katekista. Mwaka wa 1941 Felista alianza mafundisho ya komunyo ya kwanza, na siku moja katekista akamkuta nyuma ya kanisa akiifundisha hewa kufanya ishara ya msalaba. Hakumpiga. Alimkalisha akamweleza kwa upole kwamba kiumbe asiyeonekana ama ni malaika ama ni shetani, na malaika hawaogopi kuku. Basi achague, Kobelo au komunyo.

Felista alilifikiria jambo hilo kwa siku kadhaa. Kumtupa Kobelo msituni aliona ni ukatili, maana kule kuna chui. Kumwacha nyumbani ni sawa na kutomwacha. Mwishowe aliamua kumpeleka mahali penye watu. Siku ya soko alimfuata mama yake Mkuyuni, amejifunga kipande cha kanga shingoni, na mama alipokuwa akiuza ndizi zake, yeye akasogea hadi penye mkeka wa muuza chumvi. Alisimama hapo akazungumza na hewa iliyokuwa kando ya gunia.

"Kaa hapa," alisema. "Hawa wana chumvi, hutakosa chakula. Usinifuate. Kuku wakija, panda juu ya gunia."

Kisha akaondoka bila kugeuka. Walipofika mlima wa kwanza alianza kulia, na mama yake akadhani ni miguu. Komunyo alipokea pamoja na wenzake, kwa gauni jeupe la kuazima, na katekista akamsifu. Miaka ikapita, na Felista akamsahau Kobelo kama mtu anavyosahau jino la utotoni: anajua lilikuwepo, lakini ulimi haulitafuti tena.

Alikua, akawa mrefu kuliko mama yake. Wachumba wawili walikuja nyakati tofauti. Mmoja aliyempenda yeye hakupendwa, na mwingine aliyependwa hakuwa na haraka, mwisho akaoa kwingine. Mwaka wa 1954 shangazi yake, Cecilia, aliyekuwa akiuza mboga katika soko la Morogoro, aliomba msaidizi. Felista akashuka mjini na kikapu chake.

Mwezi wa kwanza haujaisha, shangazi akampa kitambaa akamshoneshee gauni. Mafundi walikaa na vyerehani vyao kwenye baraza za maduka ya Wahindi, na Felista akamwendea yule asiyekuwa na foleni. Alikuwa kijana mkimya mwenye vidole virefu. Sababu ya kukosa foleni ilijulikana mara moja: alikuwa na kigugumizi kikali, na wateja wengi hawakuwa na subira ya kungoja sentensi yake ifike.

"Ki-ki-kipimo, dada," alisema, akamwonyesha futi ya kupimia.

Felista alikuwa akimpa vipimo vya shangazi wakati kuku wa jirani alipopanda barazani kudonoa punje za mchele zilizomwagika. Fundi alikuwa ameinamia sindano akitunga uzi. Bila kuinua macho, kwa sauti laini isiyokwama hata kidogo, alisema:

"Kobelo, panda juu ya gunia, kuku huyo."

Felista alirudi hatua moja. Nyuma yake palikuwa na gunia la mchele, akalikalia.

"Si ha-hapo!" fundi akasema kwa haraka, kisha akaona aibu, akageukia cherehani.

"Umemwambia nani apande?"

"Ha-hakuna, dada. Mazoea tu."

"Umesema Kobelo."

"Ni jina tu. Wa-waluguru wote wana ndugu aitwaye Kobelo."

"Huyu wako ulimpata wapi?"

Swali lenyewe lilikuwa la ajabu kuulizwa na mtu mzima, na fundi akaelewa kwamba haliulizwi na kila mtu. Aliinua macho akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Mkuyuni," alisema, na maneno yakaanza kumtoka bila kukwama. "Sokoni. Mama yangu anauza chumvi pale. Kuna msichana alikuja na kanga shingoni, akamwacha Kobelo kando ya gunia letu. Alimwambia asimfuate. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya gunia hilo kwa sababu watoto walikuwa wananicheka. Nilingoja, nikadhani atarudi. Hakurudi. Jua likazama, mama akakunja mkeka. Nikamwambia Kobelo twende nyumbani."

"Ni mimi," alisema Felista.

Fundi aliondoa mguu kwenye kanyagio.

"U-u-umekuja kumchukua?"

Mtu mwingine angecheka. Felista hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema ukweli ulivyokuwa. "Hapana. Nimekuja kushonesha gauni la shangazi."

Fundi aliitwa Pazi. Gauni likaisha, likawa zuri, lakini Felista aliona pindo limekaa vibaya, akalirudisha. Pindo likashonwa, kifungo kikalegea. Baada ya vifungo ikaja blauzi yake mwenyewe, na mto, na foronya za mito ambayo shangazi hakuwa nayo. Kila alipofika alikaa kwenye kigoda, na swali lake lilikuwa lilelile: "Haya, Kobelo akafanyaje?"

Pazi alikuwa na mengi ya kujibu. Kobelo aliyeachwa kando ya gunia hakubaki mtoto, alikuwa amekua. Alikwenda Turiani kwa mjomba kulima mpunga, akakaa juu ya dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, kutwa nzima akiamia ndege, akirusha mawe kwa kombeo mpaka bega likavimba. Alitumbukia katika mto Diwale akifuata kofia, akatolewa na mvuvi kwa kushikwa masikio. Alilala njaa mwaka ule mahindi yalipokauka. Akapenda cherehani ya Mwarabu mmoja mwenye duka. Kila siku alipita kuitazama, na siku Mwarabu alipokwenda kuswali, Kobelo akaikalia, akashona mstari mmoja ulionyooka, akavunja sindano, akapigwa kofi la kutoboa sikio. Pazi alisimulia haya yote mguu ukikanyaga cherehani, na ulimi wake ukienda kama uzi unaotoka kwenye kibonge. Lakini mteja akija kuuliza bei, ulimi ulifunga palepale.

Felista aliliona hilo, wala hakulitia maanani. Alikuwa amezama katika Kobelo. Alicheka mpaka machozi, na usiku kitandani alijisimulia tena, na moyo wake ukapata joto ambalo hakujua aliite nini. Alijua tu kwamba siku isiyo na baraza ile ilikuwa siku ndefu. Miezi ikaenda, na katika miezi yote hiyo hakumuuliza Pazi yeye mwenyewe amekula nini, anaishi na nani, wala usiku anaota nini.

"Hilo gauni langu," shangazi Cecilia alimwambia, "lilikuwa la malkia gani hata likashonwa mwaka mzima?"

Mwaka wa 1955, masika yalipokaribia, Felista alifika barazani akamkuta Pazi hashoni. Mikono ilikuwa juu ya meza ya cherehani, imetulia. Hakungoja kuulizwa Kobelo akafanyaje.

"Kobelo anataka kuoa," alisema.

Felista alishtuka kwa namna iliyomshangaza mwenyewe. "Kuoa? Anataka kumwoa nani?"

Pazi akafungua kinywa. "M-m-m..." Neno likagoma. Alijaribu tena, mishipa ya shingo ikasimama, na neno halikutoka. Wanawake wawili walikuwa wamesimama karibu, kitambaa chao mkononi, wakitazama. Mwishoni alitazama chini.

Felista alihisi baridi. Alimwazia mwanamke wa Turiani, mwenye makalio mazuri na shamba la mpunga, akimtwaa Kobelo wake. Kisha akaona upuuzi wa kumwonea wivu mke wa hewa, akahisi fundi anamfanyia mzaha mbele ya watu. Hasira ikampanda juu ya aibu.

"Mwambie aoe basi," alisema. "Mimi yananihusu nini?"

Akachukua kikapu chake akaenda zake. Pazi hakumwita. Hata kama angetaka, hilo nalo lingekuwa neno.

Wiki hiyohiyo watu wa sokoni walileta habari kwamba Anastasia anaumwa mgongo na kazi imezidi. Ulikuwa mwaka wa matuta. Serikali ilikuwa imeamuru kila mwenye shamba milimani achimbe ngazi za matuta kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, na asiyechimba alitozwa faini. Felista alirudi nyumbani, akachimba pamoja na baba yake kutoka umande hadi jua la utosi.

Akiwa huko, mjomba wake Agustino alimletea mchumba. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba katika ndoa ndilo neno. Mchumba aliitwa Lukasi, aliyefiwa na mke, mpole, mwenye kahawa na nyumba ya bati. Hakuwa na kasoro yoyote ambayo Felista angeweza kuitaja, na hilo ndilo lililomchosha. Aliomba apewe muda. Agustino akampa, kwa kuwa matuta nayo yalikuwa hayajaisha.

Siku moja mama yake alimtuma chumvi Mkuyuni. Felista alijiambia kwamba wauza chumvi ni wengi. Hata hivyo miguu ilimpeleka kwenye mkeka ule, mahali palepale. Aliyekaa hapo alikuwa mama mnene, wa makamo, amejitanda ushungi, akipima chumvi kwa kopo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ya kopo au ya nusu?"

"Ya kopo. Mama, samahani. Wewe ndiye mama yake Pazi, yule fundi wa mjini?"

Mama huyo, aliyeitwa Shamsia, aliweka kopo chini. "Ndimi. Ana nini?"

"Hana neno. Amewahi kunishonea nguo. Anashona vizuri."

"Anashona," alisema Shamsia. "Kusema ndio hawezi. Na hivi unavyomsikia sasa ni nafuu. Alipokuwa mdogo hata maji alishindwa kuomba. Alikaa nyuma ya gunia langu hapa kama paka. Nikajua sina mtoto, nina bubu. Halafu siku moja tumetoka sokoni, namsikia nyuma ya nyumba anaongea! Peke yake, maneno mazima, yanatiririka. Nikakimbia naye kwa mganga. Mganga akaniuliza, anatukana? Nikasema hatukani. Akasema mwache, anajifunza."

"Alikuwa akiongea na nani?"

"Na mwenzake wa hewani, sijui alimwokota wapi. Mpaka leo jambo lake mwenyewe hawezi kulitamka, humsingizia huyo. Akiwa na njaa, Kobelo ana njaa. Akichoka Turiani, Kobelo anataka kurudi nyumbani. Baba yake alipofariki alinijia akaniambia, mama, Kobelo analia. Nikamwambia mlete nimbembeleze. Nilijua anayelia ni nani."

Felista alikuwa amesimama na kikapu kichwani. Akakishusha.

"Mama, nani alitumbukia mtoni kule Diwale?"

"Pazi."

"Na aliyepigwa kofi kwa sindano ya cherehani?"

"Pazi huyohuyo. Sikio la kushoto mpaka leo halisikii vizuri. Kwani angekuwa nani?"

Felista alilipa chumvi. Njiani kupanda alikumbuka hadithi moja baada ya nyingine, na katika kila moja alimtoa Kobelo akamweka kijana mwenye vidole virefu: juu ya dungu na bega lililovimba, mbele ya duka akiitazama cherehani kwa hamu, amelala na njaa. Mwisho akafika kwenye sentensi ya siku ile barazani, akamtoa Kobelo na hapo pia. Aliketi kwenye jiwe la kando ya njia. Watu walimpita wakamsalimu, akaitikia, na baadaye hakukumbuka walikuwa nani.

Jioni hiyo alimwambia mjomba kwamba Lukasi ni mtu mwema na amtafutie mwanamke atakayefurahi kuwa naye. Agustino alikasirika kiasi cha kawaida. Mwezi wa Julai watu wa milimani waligomea matuta, polisi wakaja na bunduki na moshi wa kuwasha macho, kukawa na vurugu na misiba, na baadaye amri ile ikaachwa. Majembe yakarudi kwenye kazi zake za zamani. Njia zilipotulia Felista alishuka mjini.

Pazi alikuwa barazani akishona kaptula za shule. Alipomwona alisimama, akakaa, akasimama tena. Felista akavuta kigoda.

"Leo sijaja kwa ajili ya Kobelo," alisema. "Uliniambia jambo, nami sikulisikia vizuri. Liseme tena. Ila ujisemee wewe mwenyewe."

Pazi aliangalia cherehani kama mtu anayetafuta mlango. Kisha akashika ukingo wa meza.

"Mi-mi-mimi," alianza.

Felista alikuwa anaijua sentensi yote. Angeweza kuimalizia, na kila mtu katika maisha ya Pazi alikuwa amezoea kummalizia. Aliweka mikono mapajani akangoja. Mwenye duka alitoka kuona kuna nini, akatazama, akarudi ndani. Jasho lilimtoka Pazi kwenye nywele likashuka hadi shingoni. Kila silabi aliiinua kama gogo.

"Na-na-nataka. Ku-ku-ku..." Akapumzika. Akavuta pumzi. "Kukuoa. We-we-wewe."

"Nimesikia," alisema Felista. "Na mimi nataka. Umekula?"

Hakuwa amekula. Felista alikwenda sokoni kwa shangazi akarudi na mihogo ya kuchoma, wakala pamoja, na hiyo ndiyo posa yao ilivyokuwa kabla wazee hawajaingia.

Wazee walipoingia, mambo yakawa marefu. Shamsia alimtuma kaka yake, Stambuli, awe mshenga, na Stambuli alikuwa na maneno ya kutosha watu watatu. Swali la kwanza la mjomba Agustino halikuwa la dini. Aliuliza ukoo. Alipoambiwa, akahesabu, akaona hawakuingiliana, akaridhika kwa upande huo. Swali la pili ndilo lilikuwa la dini.

"Ni Mwislamu," alisema Severini. Alisema hivyo tu, akatoka nje kwenda kutazama migomba.

"Tena ulimi wake mzito," Agustino akaongeza. "Akipata kesi, nani atamsemea?"

"Atajisemea," alijibu Felista. "Wenye kesi watasubiri."

Anastasia, aliyekuwa jikoni, alicheka kwa sauti, na kicheko hicho kilisaidia kuliko maneno ya Stambuli. Agustino alikubali, kwa shingo upande. Walifunga ndoa Mkuyuni, mbele ya shehe. Felista alibaki na jina lake na rozari yake, na Pazi hakuwa na neno juu ya hilo. Paroko alikuwa na neno. Alimweleza Felista kwamba akiishi katika ndoa ile hataweza kupokea komunyo, naye akaitikia kwamba ameelewa. Safari hii hakuna aliyemwambia achague. Alikuwa amekwisha kuchagua. Kila Jumapili alikwenda misa, akakaa benchi la nyuma, na wenzake walipojipanga kwenda mbele alibaki amepiga magoti. Ilimuuma. Hakumficha Pazi kwamba inamuuma, na Pazi hakujifanya haoni.

Walipanga chumba kimoja na ukumbi, mjini, kando ya duka lilelile, dirisha likitazama baraza. Pazi alipata wateja zaidi, kwa sababu Felista alikaa naye barazani asubuhi akipokea vitambaa na kutaja bei. Alipojaribu mara moja kumjibia mteja swali aliloulizwa fundi, Pazi aliinua kidole, na Felista akanyamaza akangoja kama wengine. Wakazaa binti, wakamwita Regina kwa bibi mmoja wa Felista na Chausiku kwa saa aliyozaliwa, kila upande ukatumia jina lake.

Severini hakuwa amekuja harusini, wala hakuja kumwona mtoto. Mama alikuja mara nyingi, na kila alipoulizwa habari za baba alisema mzima, analima. Felista aliacha kuuliza.

Mwaka wa 1957, kiangazi, mzee alitokea barazani bila taarifa, na kikapu cha kabichi kimening'inia kwenye fimbo begani. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Felista alikuwa ndani akimwogesha mtoto, akamwona kupitia dirishani, akasimama na maji yakimdondoka mikononi. Hakutoka.

Pazi aliinuka kwenye cherehani. "Shi-shi-shi-shikamoo, baba."

Severini alitua mzigo wake. Alingoja mpaka neno la mwisho likamilike.

"Marahaba," alisema. Akatazama vitambaa vilivyotundikwa, akakishika kimoja, cha rangi ya kijivu, akakisugua kwa kidole gumba. "Nataka suruali ya kanisani. Isinibane kiunoni."

Pazi akachukua futi akapiga goti kumpima. Felista alimfunga mtoto kanga, akatoka barazani, akachagua kabichi moja kubwa akaipeleka jikoni, akaanza kuikata.